Mjomba Hapitwi Njiani

Sefu hakujua kukaa. Hata akialikwa mahali pa heshima, mkeka umetandikwa na kahawa imeshamiminwa, goti lake la kulia lilirukaruka chini ya kanzu kama kuku aliyefunikwa tenga. Mkewe Biasha alimzoea. Wakiwa na wageni alimwekea kiganja juu ya goti huku akiendelea na mazungumzo yake, goti likatulia kidogo, kisha likaanza upya. Watu wa Msambweni walisema Sefu alizaliwa njiani, na hawakuongopa, maana mamake alishikwa na uchungu akitoka kisimani na mtoto hakungoja afike nyumbani.

Riziki yake nayo ilikuwa miguuni. Asubuhi alishuka ufukweni Mkunguni, akachagua samaki waliotoka majini sasa hivi, akawalaza katika makanda mawili juu ya majani mabichi, akayaning'iniza makanda kwenye ncha mbili za mzega. Ule mti akautia begani, akasema bismillahi, akashika njia ya Ramisi kwenda kuwauzia wakata miwa. Hakutembea. Samaki hamstahi mtu; jua likimkuta njiani ananuka, na mkata miwa ana pua kama mtu mwingine yeyote. Kwa hiyo Sefu alikimbia zile mbio za wachukuzi, hatua fupifupi, mzega ukipanda na kushuka pamoja na pumzi zake. Wenziwe walikuwa wameanza kununua baiskeli. Sefu alisema baiskeli ni punda asiyejua njia, akaendelea kukimbia.

Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa mpira utamweka wapi? Radi Klabu ya Msambweni ilimweka wingi ya kulia mara tu vita vya Hitla vilipokwisha, na hapo akadumu. Alicheza peku. Ujanja wake ulikuwa mmoja tu: aliusukuma mpira mbele, mbali kabisa, kisha akaufuata. Beki alijua atafanya hivyo, golikipa alijua, mama muuza mbaazi nje ya uwanja alijua, na bado hakuna aliyemuwahi. Watazamaji walikuwa wakiita, "Mzega! Mzega!" na yeye akisikia jina hilo alizidi mwendo. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza nani acheze kulia. Lingekuwa swali la mwendawazimu.

Halafu ukaja mwaka wa hamsini na tano. Mwishoni mwa Shaabani, Radi walicheza na timu ya makambi ya Ramisi, na upande wa kushoto wa Ramisi alisimama beki mpya, kijana wa kiwandani aitwaye Jefwa. Sefu akausukuma mpira mbele kama kawaida yake, akaufuata kama kawaida yake, na alipoufikia alimkuta Jefwa ameshafika, ametulia, anamngoja. Mara ya kwanza watu walicheka wakadhani ni bahati. Mara ya pili walinyamaza. Mara ya tatu mtu mmoja akaita "Mzega!" kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kejeli, na Sefu akaisikia. Radi walifungwa. Njiani kurudi, golikipa wao Mramba, Mgiriama mwenye ulimi mrefu kuliko mikono yake, alimpiga begani akamwambia, "Mbio za sakafuni huishia ukingoni, bwana." Ulikuwa utani wa kawaida baina yao. Siku nyingine Sefu angemjibu akamvua nguo. Siku hiyo aliharakisha hatua akamwacha nyuma.

Marudiano yalipangwa kuwa siku ya Idi, hapo hapo Msambweni, kila mtu akiwa na nguo mpya na jicho la kuangalia. Kwa hiyo Ramadhani ilipoingia, kamati ya Radi ikaanza kukutana baada ya alasiri kwenye baraza ya Matano, fundi cherehani, ambaye ndiye aliyekuwa kapteni. Waliongea habari za nyavu, wakaongea habari za refa, wakaongea habari za mvua za masika zilizougeuza uwanja kuwa jaruba la mpunga. Habari yenyewe waliizunguka kama watu wanaozunguka nyoka. Mwishowe Mramba, ambaye hakuwa amefunga na hivyo alikuwa na nguvu za kusema, akauliza, "Sefu anacheza au hachezi?"

"Sefu anajua mpira," alisema Matano.

"Anajua. Lakini miguu yake imeanza kusahau."

"Ndiye aliyetufikisha hapa."

"Basi kwani tumefika, kapteni? Tunataka kwenda mbele."

Zama hizo aliyeingia uwanjani ameingia. Hakukuwa na kumtoa mtu katikati ya mchezo ukamtia mwingine, mkikosea mmekosea mpaka filimbi ya mwisho. Tena mtu wa kuingia alijulikana, ila hakuna aliyetaka kumtaja, kwa sababu alikuwa Iddi, mwana wa Mwanatumu, na Mwanatumu alikuwa dada yake Sefu, tumbo moja. Iddi alikuwa akifua nazi kwa tajiri mmoja na alicheza timu ya pili. Alikuwa na mbio za mjombake zilezile, lakini mpya.

Wakamwita Iddi, wakamuuliza. Kijana akainamisha kichwa, akakataa. "Mimi ni mpwa wake," alisema. "Nikivaa jezi yake naye yu hai, nitakuwa nimemzika."

Mtu wa mbali atacheka, lakini Mdigo wa Msambweni hacheki. Kwa mila ya wazee, cha mtu akifa hakiendi kwa mwanawe, kinakwenda kwa mpwawe, mtoto wa dada, ndani ya fuko, yaani ukoo wa upande wa mama. Masheikh walikuwa wakisema hiyo si sheria, na miaka hiyo watu walishtakiana kwa kadhi kila leo wakigombania minazi. Lakini mila na sheria zilikubaliana jambo moja: hakuna anayerithi aliye hai. Mpwa akishika kitu cha mjomba kabla ya wakati wake, watu wanamtazama kama fisi. Iddi alikuwa na adabu kuliko kamati nzima.

Na hapo kamati ikafanya kosa lake. Mtu mwingine yeyote, Mzungu au Mhindi, angemwendea Sefu akamwambia, bwana wee, pumzika. Matano alifikiri kistaarabu. Aliona kama jambo limekuwa la mpwa na mjomba, basi ni jambo la fuko, na jambo la fuko huanzia kwa dada. Akavaa kofia yake nzuri, akachukua wazee wawili wa ukoo, akaenda nyumbani kwa Mwanatumu kuomba ruhusa ya wingi ya kulia kama mtu anayeomba shamba.

Sefu alirudi kutoka Ramisi na makanda matupu, akapita kwa dadake kumwachia changu wa futari. Akawakuta uani, wamekaa mkekani duara, wazee wametulia na vichwa vimeinama, Mwanatumu katikati amejitanda leso. Aliushusha mzega begani taratibu.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Mzee mmoja alijikohoza. Sefu akawatazama mmoja mmoja, akaona kila anayemtazama anakwepesha macho.

"Hajafa mtu, kakangu," alisema Mwanatumu. "Keti kwanza."

"Siketi. Mbona mmekaa kama mnaogawa mali?"

Matano akamweleza. Alianza na Mungu, akapita kwenye udugu, akaingia kwenye mvua, na alipofika kwenye wingi ya kulia Sefu alikuwa ameshaelewa zamani. Aliumia vibaya sana. Si kwa kuwa walitaka kumtoa. Moyoni, tangu siku ya Jefwa, alikuwa akiamka kabla ya adhana akijiuliza swali hilohilo. Aliumia kwa kuwa walimfanyia matanga na yeye yuko sokoni.

"Kumbe mnarithisha miguu yangu," alisema, "nami ningali nimeisimamia!" Akamgeukia Iddi, aliyesimama mlangoni kwa haya. "Kesho utabeba mzega mmoja, nami nitabeba mmoja. Samaki walewale, njia ileile. Atakayetangulia kufika Ramisi ndiye wingi ya kulia. Tusipotezeane wakati."

"Na saumu zenu?" aliuliza Mwanatumu.

"Saumu haijapata kunizuia kazi," alisema Sefu, akatoka. Changu wa futari alisahau kumwacha.

Alipokwisha kula daku hakulala tena. Alizunguka ua, akakaza kamba za makanda, akazilegeza, akazikaza tena, mpaka Biasha akamwambia kwamba hata kamba zina haki ya kupumzika. Kulipopambazuka walishuka Mkunguni yeye na Iddi, wakapakia samaki sawa kwa sawa, Matano akishuhudia. Mramba alikuwa ametangulia Ramisi kungoja kwenye njia ya makambi. Iddi alitoa shikamoo, Sefu akaitikia marahaba pasipo kumtazama, wakaanza.

Njia ilikuwa utelezi mtupu. Sefu alishika mbele tangu mwanzo, akachagua ukingo wenye nyasi kama alivyozoea, na akasikia nyuma yake miguu ya Iddi, pa, pa, pa, na makanda yakilia kwa mzega. Akaongeza mwendo. Miguu ikaongeza. Walipopita nyumba za mwisho alianza kuhema, bega likaanza kuwaka, kinywa kikavu na maji haramu mpaka jioni. Akapunguza kidogo, akijua sasa kijana atapita, amejitayarisha kabisa kuliona lile bega changa likimpita. Miguu ikapunguza. Alipoongeza tena, ikaongeza tena. Walikimbia hivyo kitambo, na mashamba ya miwa yalipoanza kuonekana Sefu alikuwa ameshajua, akawa hataki kujua.

Alisimama ghafla, akasingizia kukaza kamba. Iddi naye akasimama nyuma yake.

"Pita," alisema Sefu.

"Tangulia, mjomba."

"Nimekwambia pita!"

"Mjomba hapitwi njiani," alisema Iddi, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mtu sala.

Sefu akamtazama kifua. Chake mwenyewe kilikuwa kikienda kama mvukuto wa mhunzi. Kifua cha Iddi kilikuwa kimetulia, shati halijalowa hata mgongoni, wala samaki wake hawakuwa wamehama mahali pao. Sefu alitamani kumpiga na alitamani kumkumbatia, na kwa kuwa hakujua aanze na lipi aliutia mzega begani akaendelea mbele.

Akafika wa kwanza. Mramba aliruka juu, akapiga ukelele uliowatoa wapishi makambini, "Mzega! Mzee kashinda!" Matano alipopata habari alimshukuru Mungu waziwazi, maana tatizo lilikuwa limeondoka bila mtu kuvunjiwa heshima. Funika kombe mwanaharamu apite. Msambweni nzima ikafurahi, kamati ikaacha kukutana, wazee wa fuko wakarudi mashambani kwao. Sefu ndiye wingi ya kulia, kwisha maneno.

Mtu mmoja tu ndiye hakufurahi. Siku zilizobaki za Ramadhani Sefu alikuwa kama mtu aliyeingiwa na siafu. Akiketi kufuturu anainuka na tende mkononi. Akienda msikitini anabadilisha safu. Biasha alimvumilia, mwisho akachoka.

"Una nini wewe? Si umeshinda?"

"Nimepewa," alisema Sefu. "Nimepewa sadaka na mtoto wa dadangu."

"Ulitaka akupite?"

"Nilitaka."

"Na angekupita ungemsamehe?"

Sefu aliinuka, akaketi tena.

"Basi naye alilijua hilo," alisema Biasha, akamsogezea uji.

Aliogopa. Hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza huku na huku, na mchana mmoja akiwa peke yake njiani alilikiri. Mtu anayekaa akikosa mbio bado ana pa kukaa. Yeye hakuwa na ukaaji wowote. Akiacha kukimbia atakuwa nani? Atakuwa mzee Sefu, baba wa mabinti, aliyekuwa akiitwa jina fulani zamani. Baiskeli zilimpita njiani zikimlia kengele, na yeye akazidi kukanyaga tope kwa hasira.

Idi ikaingia. Baada ya sala na kupeana mikono, na kila nyumba kumlazimisha mtu ale, wachezaji wakakusanyika barazani kwa Matano kuvaa. Iddi alikuja kama shabiki, na kanzu yake mpya, akasimama pembeni na wenziwe. Matano akagawa jezi. Alipofika kwa Sefu alimpa ile ya kulia kwa mikono miwili, na tabasamu la mtu aliyejiokoa.

Sefu aliipokea. Akaikunja. Akaikunjua. Goti likaanza.

"Iddi," aliita. "Hebu njoo."

"Naam, mjomba."

"Nikikutuma dukani, unakwenda?"

"Ninakwenda."

"Nilipokutuma Ramisi ulikwenda?"

"Nilikwenda, mjomba."

"Mbona hukutangulia?"

Kijana alitazama chini. "Hukunituma kutangulia," alisema.

Mramba aliacha kuvaa, akasogea karibu asikie.

"Basi leo nakutuma," alisema Sefu, akamnyoshea jezi. "Mwisho wa uwanja, upande wa Ramisi, kuna goli. Nenda ukaniletee moja. Vaa hii, usije ukachafua nguo ya Idi aliyokushonea mamako."

"Mjomba, mimi siwezi kukurithi..."

"Nani aliyekurithisha? Jezi ni yangu na nitaitaka. Nimekutuma, na aliyetumwa huchukua alichopewa akaenda. Au Mwanatumu hakukufundisha kutumwa?"

Hapo hakukuwa na pa kutokea. Mpwa anaweza kukataa kurithi, anaweza kukataa kupita, lakini kukataa kutumwa na mjomba hawezi. Iddi alipiga goti, akaipokea kwa mikono miwili.

Uwanja ulijaa. Sefu hakwenda kukaa na wazee waliomwekea kiti. Alisimama kwenye mstari wa kulia, amekunja kanzu mpaka magotini, na mpira ulipotupwa upande ule kwa mara ya kwanza miguu yake iliondoka yenyewe. Alikimbia nje ya mstari sambamba na Iddi, akipenya katikati ya watoto na sinia za mbaazi, wanawake wakicheka na kujitoa njiani. Jefwa akaja, akauchukua mpira. Ukarudi tena, wakakimbia tena, mmoja ndani na mmoja nje, na Jefwa akauchukua tena. Watu wakaanza kuguna. "Huyo naye ndiye nini?" "Mzega mwenyewe angekuwa bora!" Matano alikuwa akitukana kwa lugha isiyofaa siku ya Idi. Nusu ya kwanza ikaisha hivyo, bila bila.

Sefu hakuelewa. Mtoto alikuwa na mbio, alizisikia kwa masikio yake kule njiani. Nusu ya pili ilipoanza timu zikabadilishana pande, Sefu naye akahamia mstari wa Iddi, na badala ya kuangalia mpira alimwangalia Iddi. Mpira ukaja, wakaondoka pamoja, na hapo akaona. Kijana alikuwa akimtazama kwa pembeni ya jicho. Sefu akiwa hapa, Iddi yuko nyuma hatua moja. Sefu akichoka, Iddi analegea. Siku nzima alikuwa akikimbia kwa mwendo wa mjombake na hakumpita hata mara moja, na Jefwa alikuwa akiokota tu.

Sefu alisimama. Akili yake ilijua la kufanya na mwili wake wote ukakataa. Kisha, Msambweni nzima ikimtazama, na kanzu mpya ya Idi, alikaa chini. Alikaa kwenye majani mabichi yaliyolowa mvua, akanyosha miguu mbele yake kama mtoto, akauona uwanja kutoka chini, mahali ambapo hakuwahi kuuona.

Mpira ukaja kulia. Iddi aliusukuma mbele, mbali kabisa. Akatupa jicho pembeni, hakuona mtu wa kumsubiri, akaenda. Akampita Sefu kwa kishindo, tope likamrukia Sefu usoni. Akampita Jefwa, aliyegeuka akabaki ameshika hewa. Golikipa wa Ramisi alitoka, na alipotoka mpira ulikuwa umeshaingia.

Watu walimwagika uwanjani, lakini Iddi hakuwangoja. Alikuja mbio mpaka mstarini, akasimama mbele ya mtu aliyekaa chini, akahema sasa, kweli kweli.

"Nimerudi, mjomba."

"Umeleta?"

"Nimeleta."

Sefu alifuta tope jichoni, na si tope tu alilofuta. Goti lake lilikuwa likirukaruka ndani ya kanzu iliyolowa, na Biasha alikuwa mbali upande wa wanawake, kwa hiyo aliliwekea kiganja chake mwenyewe.

"Nenda tena," alisema.